Dogo alikuwa anaficha vidonge kwenye mwanzi wa banda la kuku (kwa wanaolea watoto wenye VVU)

Fundi Randa:

Wakuu habari za usiku. Uzi ni mrefu, anayependa vifupi apite tu kimya kimya. Hii kitu nimekaa nayo zaidi ya miaka miwili na sijawahi kuisimulia nje ya kliniki, ila juzi kwenye uzi mwingine kuna jamaa kaandika kwamba mtoto mwenye virusi akikataa dawa "ale fimbo mbili tu atameza", watu wakamgongea like kibao. Nikasema hapana, leo naandika.

Mimi ni fundi seremala, nipo huku Njombe. Mkoa wetu mnaujua, ule utafiti wa 2022-2023 ulitukuta tunaongoza nchi nzima, asilimia 12.7 ya watu wazima wana virusi wakati taifa zima ni 4.4. Kwa hiyo huku ukiona mtoto analelewa na bibi au mjomba hakuna anayeuliza maswali. Dada yangu wa tumbo moja alifariki 2017, kifua kikuu, na alichelewa sana kujua kilichokuwa nyuma ya hicho kifua. Kaniachia dogo ana miaka mitano. Tulipomaliza matanga tukampeleka kupima, akakutwa nao.

Akaanzishiwa dawa CTC, yaani kliniki ya wenye VVU. Mwanzoni ilikuwa kazi, mchanganyiko ule wa zamani ulikuwa na dawa moja ya usiku inayomletea ndoto za ajabu, anaamka anapiga kelele anasema kuna watu dirishani, wife akawa analala naye kitanda kimoja karibu mwaka mzima. Baadaye wakambadilishia wakamweka kwenye hizi zenye dolutegravir, na alipofikisha kilo 30 akapewa kile kidonge kimoja kwa siku kama wakubwa. Ndoto zikaisha, akanenepa, darasani yumo kumi bora. Tukajua tumemaliza.

Sasa kosa letu lilikuwa hapa. Dogo tulimwambia zile ni dawa za kifua. Mama alikuwa na kifua, na wewe kifua chako sio kizuri, kwa hiyo kunywa dawa mwanangu. Kwa mtoto wa miaka mitano inatosha. Tukasema akikua tutamwambia vizuri. Akafika saba, tukasema bado mdogo. Akafika tisa, tukasema ana mdomo huyu ataenda kutangaza shule. Akafika kumi na moja, ndio tukachelewa.

Naendelea kwenye posti inayofuata, simu ina chaji kidogo.

Mzee wa Kijiwe:

Siti ya mbele nimeshawahi. Endelea mkuu, nimeshaweka maji ya chai jikoni.

Fundi Randa:

Nimerudi.

2023 mwezi wa sita akachukuliwa damu ya kipimo cha wingi wa virusi kama kawaida. Miaka yote majibu yake yalikuwa yanasoma virusi havionekani, hata hatujisumbui kuulizia. Safari hii nesi akapiga simu mwenyewe, "baba njoo na mtoto". Kufika naambiwa virusi vimepanda, kopi elfu 38 na ushee kwa kila mililita ya damu. Nikabisha asee, nikamwambia mashine yenu imekosea au mmechanganya chupa. Maana kila tukienda kliniki kopo linamwagwa kwenye trei vidonge vinahesabiwa kimoja kimoja, na hesabu ya dogo haijawahi kupishana hata siku moja, kuna siku walimpigia makofi pale.

Nesi hakubishana na mimi. Kaniuliza swali moja tu: "Baba, wewe huwa unamwona akimeza, au huwa unamwona akichukua?"

Nikakaa kimya. Kwa sababu ukweli ni kwamba mimi huwa nipo sebuleni natazama taarifa ya habari ya saa mbili, dogo anapita anafungua kabati anachukua kidonge anaenda jikoni kunywa maji. Namwona anachukua. Kumeza, hapana.

Siku hiyo sikumuuliza kitu. Jumamosi yake nikawa nakarabati banda la kuku, nguzo zake ni mianzi, huku kwetu mianzi ndio kila kitu, pombe humo humo uzio humo humo. Nguzo moja ilikuwa imelegea nikaichomoa ili niweke nyingine, nilipoigeuza kichwa chini vikamwagika vidonge. Vingi. Vingine bado vizima vyeupe, vingine vimevimba kwa unyevu vimeshikana kama kipande cha sabuni. Kuku wakakimbilia kudonoa wakidhani ni mahindi, nikawa nawafukuza kwa mguu huku naokota. Nilivyoweza kuvitenganisha vilifika 61. Miezi miwili kamili. Nageuka nyuma dogo yuko mlango wa jiko kashika ndoo, ananiangalia.

Nilimpiga. Naliandika hili ili yule jamaa wa fimbo mbili asije akasema naongea nisichokijua. Nilimpiga na mkanda, wife ndio alikuja kuniondoa. Na kuanzia siku hiyo nikamsimamia ameze mbele yangu, afungue mdomo, anyanyue ulimi, kama mahabusu. Siku nne. Siku ya tano wife anapita nyuma ya choo anasikia mtoto anajitapisha kwa vidole.

Basi niambieni, hapo unaongeza fimbo ya tatu au?

Mama Mapacha:

Jamani 😭 nimesoma hadi mikono inatetemeka. Ila alijuaje? Maana kama aliambiwa ni kifua angekunywa tu.

Nesi wa Zamu:

Hongera mleta mada kwa kusema ukweli wa mkanda, wengi wanaficha. Mimi nafanya kazi CTC, sitasema wapi. Hilo swali la "kumeza au kuchukua" ndio swali la kwanza tunalofundishana. Hesabu ya vidonge inakudanganya, mtoto wa miaka kumi anaijua hesabu kuliko wewe. Nimeshakuta vidonge kwenye godoro, kwenye soksi, kwenye tanki la choo cha kuvuta, na mmoja alikuwa anampa mbwa.

Endelea kwanza, nitachangia mbele.

Fundi Randa:

Alijuaje? Hatukumuuliza sisi, alisema mwenyewe.

Ilikuwa karakana, jioni, yeye anapenda kuja kuokota maranda ya kuwashia moto. Siku hiyo nilikuwa napiga randa fremu ya mlango, sijamwangalia, na nadhani ndio maana akaweza kuongea. Akaniambia, "Anko, kwani mama alikuwa malaya?"

Nikaacha randa.

Kumbe stori iko hivi. Shuleni walifundishwa UKIMWI kwenye somo la sayansi. Mwalimu akaandika ubaoni njia za kuambukizwa, ya kwanza ngono zembe, na akasema ugonjwa hauna tiba. Dogo akakumbuka kule anakopelekwa kila baada ya miezi mitatu ukutani kuna picha ya utepe mwekundu, ule ule wa kwenye kitabu. Akarudi nyumbani akasoma jina kwenye kopo akaliandika kwenye simu ya wife. Alichosoma hakukielewa chote ila alielewa cha kutosha. Hapo ana miaka kumi na moja, yuko peke yake na simu, na akapiga mahesabu yake: mama alikufa nao, kwa hiyo mama alikuwa mtu mbaya, na mimi nitakufa, na anko na shangazi wananidanganya ni kifua kwa hiyo hata wao wanaona ni aibu. Sasa dawa ya nini?

Mnaona ilivyo. Mtoto hakuwa mkaidi, hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa, namba tulizompa ndio zilikuwa za uongo.

Nikamjibu vibaya hapo hapo, maana sikuwa nimejiandaa. La mama nilijibu sawa, nikamwambia mama yako alikuwa mke wa mtu ndani ya ndoa na hakukosea kitu, na hata angekuwa vipi wewe ni mwanae. Ila nilipofika kwenye virusi nikajifanya mjuaji, nikachukua kipande cha mbao nikamwambia unaona mchwa, mbao ikiingia mchwa unaipaka dawa, mchwa wanatulia, mbao inadumu miaka. Dogo akaitazama ile mbao akasema, "kwa hiyo mimi ni mbao yenye mchwa?" Akaondoka, maranda kayaacha pale pale.

Wakuu msijifanye walimu. Kama hujui kuelezea tafuta anayejua.

Mkenya wa Ziwani:

Niko huku Homa Bay, na sisi huku ziwani tunaielewa hii hadithi vizuri sana. Mimi ni mama nina msichana wa miaka kumi na nne ambaye alianza na ile dawa ya maji ya zamani. Wacha niwaambie wale hawakuiona. Ilikuwa chungu hadi mtoto akiona kijiko anajificha chini ya meza, na ilikuwa ni ya kuwekwa kwa friji, na mimi friji sina, nilikuwa naichimbia kwa mtungi wa mchanga wenye maji. Halafu 2021 dawa zikakwama pale bandari ya Mombasa kwa sababu serikali na Wamarekani walikuwa wanavutana juu ya ushuru, tukawa tunapewa za wiki mbili, unatembea unarudi. Mtoto akaniuliza mum kama hizi dawa ni muhimu hivyo mbona wamezifungia? Nilikosa jibu.

Wangu nilimwambia akiwa na miaka nane, kidogo kidogo. Hakulia. Alisema tu "ndio maana na wewe unakunywa saa mbili." Sasa tunakunywa pamoja, yeye ndiye hunikumbusha.

Mzee wa Kijiwe:

Wakuu samahani mimi nina mtazamo tofauti. Kuna watumishi wa Mungu wanaombea na watu wanapona. Kwa nini mtoto abebeshwe dawa maisha yake yote? Mungu hashindwi.

Fundi Randa:

Mzee wa Kijiwe nakuheshimu, ila hapo sitakuacha. Mama yangu mzazi, yaani bibi yake dogo, ni mtu wa maombi na mimi pia kanisani naenda. Likizo ya mwaka juzi bibi alimpeleka dogo kwa mtumishi mmoja akaambiwa waziache siku 21 za mfungo. Nilipofuatilia simu wiki ya pili nikakuta kopo limefungwa kwenye kitambaa limewekwa juu ya kabati. Sikugombana na bibi, unagombanaje na mama yako, nilipanda gari usiku nikamfuata mtoto.

Na wewe mzee una umri wa kukumbuka 2011, kikombe cha Loliondo kule Samunge, ile dawa ya babu iliyosemwa inaponya virusi. Shilingi 500 kikombe, foleni ya magari makilomita. Watu waliacha dawa, wengine tuliwazika. Kuomba omba, mfundishe mtoto aombe kisha ameze.

Nesi wa Zamu:

Asante fundi. Nishuke sasa, nisameheni nikizidisha.

Kwanza kuhusu umri. Shirika la Afya Duniani tangu 2011 linasema mtoto wa umri wa kwenda shule, kati ya miaka sita na kumi na mbili, ajulishwe hali yake, taratibu, kwa kiasi anachoelewa. Hatusubiri abalehe. Na hatumwambii siku moja tukamaliza. Miaka sita unaweza kusema kuna kitu kwenye damu yako kinataka kulala, dawa inakilaza. Miaka nane unaongeza askari. Miaka kumi, kumi na moja unataja jina lenyewe. Jina ni la mwisho sio la kwanza, kwa hiyo likifika linakuta nyumba imeshajengwa.

Mimi huwa natumia maharage na mahindi. Maharage ndio askari wa mwili, mahindi ndio virusi. Namwambia mtoto mwenyewe awapange mezani, halafu kiboksi cha kiberiti ndio dawa, afunike mahindi. Halafu namwambia basi leo umesahau, funua. Anafunua anaona mahindi yanaanza kusogea (nasogeza mimi). Anakimbilia kufunika mwenyewe. Hapo sijasema neno ufuasi (kumeza dawa bila kuruka) wala nini.

Pili, kwa wenye watoto wadogo. Siku hizi mambo yamebadilika, kuna dolutegravir ya watoto ya milligramu 10 inayoyeyuka kwenye maji, ina ladha ya matunda, inatolewa kwa uzito kuanzia kilo 3 na umri wa wiki nne. Kwa hiyo uzito ukiongezeka na dozi inabadilika, msikose kupimisha mtoto kilo. Na msicheleweshe watoto wachanga kupimwa, mtoto aliyezaliwa na virusi bila dawa, nusu yao hawafiki miaka miwili. Takwimu za dunia za 2023 watoto wanaopata dawa walikuwa asilimia 57 tu wakati watu wazima 77.

Mama Mapacha:

Nesi hapo kwenye kuyeyusha ndio nina kesi. Pacha wangu mmoja ndio anao, mwenzake hana. Nilikuwa nayeyusha kwenye kikombe cha uji ili asisumbue, anakunywa nusu anaacha. Virusi vikawa havishuki nikawa nalia tu kliniki, najitetea mimi nampa kila siku. Kumbe nusu ya dawa inabaki kwenye uji, na kibaya zaidi huo uji uliobaki anamalizia mwenzake!! 🤦🏾‍♀️

Nesi wa Zamu:

Pole mama. Uko kwenye kundi kubwa, usijilaumu. Maji safi kidogo tu, vijiko viwili vya chai vinatosha, koroga iyeyuke, mpe hapo hapo, usiache ikae zaidi ya nusu saa. Halafu weka maji kidogo tena kwenye kikombe hicho hicho suuza naye anywe, maana dawa huwa inabaki pembeni. Uji baadaye. Na kama anapewa pia dawa ya kuongeza damu au ya kalisi, mwambie mtoa dawa akupangie saa, madini hayo yanaivuruga dolutegravir yakiingia tumboni pamoja bila chakula.

Akitapika ndani ya nusu saa mpe tena. Akisahau, ameze pale pale alipokumbuka, lakini kesho yake asimeze mbili kufidia.

Na pacha mwenzake, atauliza siku moja kwa nini yeye hapewi dawa tamu. Jiandae kwa hilo.

Mama Mapacha:

Ameshauliza 😂 nampa maji kwenye kikombe kingine nimeyatia sukari kidogo, nao wanagonga cheers.

Kijana wa 2003:

Mimi huwa sichangii nyuzi ila huu umenigusa. Nimezaliwa nao. Nina miaka 22. Nilisoma bweni miaka minne, wacha niwape mambo ambayo wazazi na manesi hamyajui.

Kopo linalia. Yaani ukilitikisa linalia chakachaka bweni zima linageuka. Tulikuwa tunajaza pamba. Na lebo unabandua, au unahamishia kwenye kopo la vitamini, japo nesi atanikaripia hapa kwa sababu kile kipakti cha kunyonya unyevu unatakiwa uhame nacho. Mimi nilikuwa nabeba za wiki kwenye bahasha ya panadol, kopo lote linabaki kwa matroni. Saa mbili usiku ni prepu, ukitoka kila siku muda huo huo viranja wanakuandika jina. Kwa hiyo nilihamia asubuhi, kabla ya mchakamchaka, giza, kila mtu anatafuta ndoo yake, hakuna anayekuangalia. Kabla ya kuhama saa niliuliza kliniki, wakasema dawa hii haina shida asubuhi au usiku, muhimu usirukeruke.

Form two niliacha miezi mitatu. Sio kwamba nilisahau. Nilichoka tu. Kila mtu anakusifia wewe shujaa wewe shujaa, na mimi nilitaka kuwa mtoto wa kawaida anayechelewa namba. Hakuna aliyenirudisha kwa maneno, alinirudisha mshkaji wa klabu ya vijana ya Jumamosi pale kliniki, mkubwa kwangu miaka mitatu, akaniambia "mimi niliacha sita, nikapata homa ya uti wa mgongo, twende tukacheze mpira." Basi. Tukacheza mpira.

Kule Zimbabwe wana mpango unaitwa Zvandiri tangu 2004, vijana wenyewe wenye virusi ndio wanawatembelea wenzao majumbani, na uliposhindanishwa na huduma ya kawaida ikaonekana watoto wanaotembelewa virusi vinashuka zaidi. Sishangai hata kidogo.

Fundi Randa:

Kijana wa 2003 nakushukuru sana, nimemsomea dogo hiyo ya pamba kwenye kopo akacheka hadi akakohoa.

Nimalizie yangu. Baada ya ule upuuzi wangu wa mchwa nikarudi kwa nesi nikamwambia nimeharibu. Akasema lete mtoto, wewe kaa pembeni usiongee. Wakakaa karibu saa nzima. Sikumsikia akimtisha hata mara moja. Mwisho dogo akauliza maswali matatu, nayakumbuka. Nitakufa lini? Nikicheza mpira nikitoka damu je? Na nikioa je? La kwanza nesi akamwambia kuna watu pale kliniki walianza dawa 2004 zilipoanza kutolewa bure na leo wana wajukuu. La pili akamwambia kidonda kinaoshwa na kufungwa kama cha mtu yeyote, akimaliza arudi uwanjani. La tatu akamwambia ukimeza mpaka virusi visionekane kwenye kipimo humwambukizi mkeo kwa kujamiiana, na unazaa watoto wasio nao. Dogo akaniangalia mimi kama vile anauliza hii ulikuwa unaijua ukaninyima?

Dawa hawakumbadilishia. Walisema hii haijengi usugu kirahisi, tatizo ni kutomeza, wakampangia vikao vitatu vya ushauri, kimoja kila mwezi, halafu kipimo kingine. Nyumbani nikaacha ukaguzi wa ulimi. Tukakubaliana yeye atakunywa sebuleni taarifa ya habari ikianza, na mimi muda huo huo nakunywa dawa yangu ya presha. Ndio, nina presha, nilikuwa naruka ruka siku na mimi. Tukaanza kukaguana. Kuna jumla ya siku nane amenikamata mimi nimesahau, yeye siku mbili.

Kipimo kikasoma chini ya 50.

Sio kwamba yameisha. Hiyo ya bibi na mfungo ilikuja baada ya hapo. Halafu Januari 2025 Marekani waliposimamisha misaada, dada aliyekuwa anatupigia simu kukumbusha kliniki akaachishwa kazi, na klabu ya Jumamosi ikafa miezi kadhaa. Dawa zenyewe tulipata, ila dogo aliipenda ile klabu kuliko dawa. Mimi na wazazi wengine wawili tukawa tunawakusanya karakana kwangu, soda na mihogo ya kukaanga, majirani wanadhani nimefungua tuisheni.

Sasa kilichonileta. Dogo kamaliza la saba, Januari anaripoti form one, bweni. Fomu ya kujiunga iko mezani hapa, kuna ukurasa wa afya wa kujazwa na daktari na kuna mstari unauliza kama mwanafunzi ana ugonjwa wa kudumu. Nimeukodolea macho siku tatu. Nikiandika, sijui nani ataisoma ile fomu, karani, mwalimu wa zamu, au nani. Nisipoandika, dawa anaweka wapi na akiumwa usiku nani anajua?

Nesi wa Zamu:

Sheria ya 2008 inalinda siri ya mwenye virusi, hakuna shule yenye haki ya kumkataa wala kumtangaza. Ila sheria iko Dodoma na bweni liko bwenini. Ushauri wangu mtu mmoja pale shuleni ajue, mmoja tu, aliyechaguliwa. Na mwombe kliniki wampe dawa za muhula mzima na barua ya ruhusa ya kwenda kliniki isiyotaja ugonjwa.

Kijana wa 2003:

Usiandike kwenye fomu. Mimi yangu iliandikwa. Sitaki kuelezea zaidi.

Mkenya wa Ziwani:

Mimi wangu yuko boarding, matroni anajua, na amekuwa kama mama wa pili. Lakini nilikaa naye kwanza, nikanywa chai kwake mara mbili kabla sijafungua mdomo.

Mzee wa Kijiwe:

Fundi, lile la Loliondo limenikaa. Mdogo wangu alikuwa kwenye ile foleni. Tuliache. Kuhusu fomu, umemuuliza mwenyewe?

Fundi Randa:

Mzee wa Kijiwe pole sana kwa mdogo wako, na umenipiga penyewe. Siku tatu nawauliza nyie na sijamuuliza mwenye fomu.

Nimemuuliza sasa hivi. Alikuwa anapiga msasa kiti, akafikiria kidogo, akasema, "Anko usiandike. Tukifika niache mimi nimwone huyo matroni kwanza akoje. Nikiona anafaa nakukonyeza unamwambia."

Nikamuuliza na usipokonyeza?

Akasema, "Basi pamba ninayo."

Tunaripoti wiki ya pili ya Januari. Nitaleta mrejesho.